Ukisema habari ni utani unaulizwa umetumwa na nani

Nimekaa kwenye magrupu ya siasa mtandaoni miaka mingi sana, mengine nikiwa msomaji wa pembeni tu na mengine nikiwa mmoja wa maadmini, na kama kuna kitu nimekiona kikijirudia mpaka nikakizoea ni hiki cha mtu kuokota habari ya utani, ile iliyoandikwa makusudi kuwacheka wanasiasa, akaja nayo kwenye ubishi kama ushahidi. Anaitupia pale na maneno makali juu yake, "mnaona sasa, si tulisema sisi", halafu kundi zima linaingia, wa kushangilia wanashangilia, wa kukana wanakana, na jambo lenyewe halijawahi kutokea popote duniani. Wanabishana kwa hasira kabisa, wengine wanablokiana, kuhusu waziri ambaye hakusema hicho alichosema.

Wengi wanadhani hili ni tatizo la shule, kwamba anayenaswa ni mbumbumbu. Hapana bana. Niliowaona mimi wakinaswa ni walimu, ni wanasheria, ni watu wanaoshinda kwenye kompyuta kutwa nzima, na kuna mmoja ni mhariri, tena kazi yake ni kukagua maandishi ya wenzake. Kinachowanasa ni kwamba ile habari imewaletea kitu walichokuwa wanakisubiri. Mtu akikutana na habari mbaya ya chama anachokipenda anakuwa hakimu, anataka video, anataka tarehe, anauliza nani kaandika na ana nia gani. Huyo huyo, siku hiyo hiyo, akikutana na mbaya ya chama asichokipenda anashea kabla hajamaliza mstari wa pili. Akili ni ile ile na elimu ni ile ile, kilichobadilika ni nani anachekwa.

Kwa hiyo siku hizi mtu akimeza kejeli mzima mzima sijishughulishi sana na kujua ana uelewa kiasi gani, naangalia amemeza kejeli gani. Hapo unaona kabisa anawaonaje watu wa upande wa pili, kwamba kichwani mwake wale ni watu wanaoweza kufanya hilo jambo na wala lisimshangaze. Ni taarifa ya maana sana hiyo, kuliko hata hoja zake alizoandika kwa mpangilio.

Na sio sisi wa kwenye simu peke yetu. Kuna lile gazeti la utani la Marekani, The Onion, lilianza mwaka 1988 kule Madison, Wisconsin, likiwa la wanafunzi, baadae likahamia mtandaoni likawa maarufu dunia nzima. Hilo limeshapiga chenga vyombo vikubwa mpaka unajiuliza hivi wahariri walikuwa wapi. Mwaka 2002 gazeti la jioni la Beijing liliandika kwa uzito kabisa kwamba Bunge la Marekani limetishia kuhama Washington lisipojengewa jengo jipya lenye paa la kufunguka na kufunga kama viwanja vya michezo. Mwaka 2012 tovuti ya gazeti la chama tawala cha China ikaripoti kwamba Kim Jong-un, kiongozi wa Korea Kaskazini, ametajwa kuwa mwanaume mwenye mvuto kuliko wote walio hai mwaka huo, na wakaongezea na picha zake, 55 jamani, yuko juu ya farasi, yuko na wanajeshi, anacheka.

Ila ninayoipenda kuliko zote ni ya shirika la habari la Fars la Iran, mwaka huo huo wa 2012. Hao walibeba habari ya The Onion iliyosema kura ya maoni imeonyesha wazungu wa vijijini Marekani wangempa kura Ahmadinejad, rais wa Iran wa wakati huo, kuliko Obama. Waliichapa karibu kama ilivyo. Baadae wakagundua, wakaomba radhi, na hapa ndo pa kusoma vizuri, kwenye radhi hiyo hiyo mhariri wao akasema pamoja na kosa hilo wao wanaamini kura huru ya maoni ikipigwa kule Marekani watu wengi wangemchagua yeyote wa nje ya mfumo wao wa siasa kuliko Obama. Yaani habari ni ya uongo ila tunaiamini. Niliposoma hiyo nilicheka kwa sababu ni jibu lile lile ninalolipata kwenye magrupu, neno kwa neno, kutoka kwa watu ambao hata Fars hawajawahi kuisikia: "sawa inaweza isiwe kweli lakini inaonyesha walivyo."

Wanasiasa nao wamo, wa kila rangi. Jack Warner, yule aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FIFA, mwaka 2015 akiwa anajitetea na tuhuma za rushwa alijirekodi video ameshika karatasi kabisa ya habari ya The Onion iliyodai FIFA imeipa Marekani Kombe la Dunia la ghafla la mwaka huo huo, akauliza kama FIFA ni wabaya hivyo mbona Marekani wanalitaka Kombe lao. Mwaka 2012 mbunge mmoja wa Marekani aliweka kwenye ukurasa wake habari ya The Onion ya jengo la kutolea mimba la dola bilioni 8, akaifuta baada ya watu kumstua. Na mwaka 2020 Trump akiwa rais alishea habari ya The Babylon Bee, hao ni wa utani pia ila wa mrengo wa kulia, iliyosema Twitter imezimwa yote ili kumlinda Biden, mpinzani wake kwenye uchaguzi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ugonjwa huu ni wa wale tu, jua naye unamnyemelea.

Sasa nieleze yangu. Kuna kipindi nilikuwa naandika vijihabari vya utani, sio kazi, ni kuchangamsha tu grupu moja la watu tunaojuana ambao wote walikuwa wanajua huyu bwana akianza na "Habari zilizotufikia hivi punde" basi kaa tayari kucheka. Siku moja nikaandika kwamba serikali imeanzisha kitengo cha malalamiko ambapo kila mwananchi akilalamika atapewa risiti, na risiti hiyo ataitumia kuthibitisha kuwa ameshalalamika ili asilalamike tena mpaka mwaka wa fedha unaofuata. Nikaweka na msemaji wa kitengo, nikampa jina la ajabu ambalo mtu yeyote akilisoma kwa sauti anajua hapa tunachezewa, na mstari wa mwisho nikaandika kwamba waliopoteza risiti wanaruhusiwa kulalamika kwa risiti ya jirani.

Watu wakacheka, ikaisha. Nikajua imeisha.

Baada ya muda naikuta kwenye grupu la ukoo. Imekuja ikiwa picha, skrinshoti, jina langu limekatwa juu, mstari wa risiti ya jirani umekatwa chini, jina la msemaji limebadilishwa limewekwa la mtu wa kweli, na juu yake mjomba wangu mmoja, mtu mzima anayeheshimika sana, ameandika kwamba tumefika pabaya. Chini yake shangazi, mabinamu, kila mtu ana lake. Mmoja anasema ameshaona hiyo risiti kwa macho. Kwa macho!

Nikaandika pale pale kwenye grupu, jamani hiyo habari nimeiandika mimi, ni utani, nikaweka na ile ya mwanzo yote ilivyokuwa. Nilidhani watu watacheka tuendelee na mengine. Binamu mmoja akanijibu, "Umetumwa na nani uikane?" Nikasema sijatumwa na mtu, mwandishi ndo mimi. Akaniuliza wananilipa shilingi ngapi. Mwingine akaja kwa upole akasema inawezekana kabisa mimi niliandika kama utani lakini wao serikalini wakaichukua wakaifanyia kazi, kwa hiyo sote tuko sahihi. Nilibaki naiangalia simu. Unabishana na watu kuhusu habari uliyoitunga mwenyewe kitandani na unashindwa.

Hapo ndo nilipoelewa kwamba ubishi ule haukuwahi kuwa wa risiti. Mjomba wangu alikuwa ameshazungushwa kwenye ofisi moja kwa muda mrefu na faili lake, kila akienda anaambiwa arudi, na ile habari ya kulalamika mpaka upewe risiti ilimgusa pale pale panapouma. Niliposema ni uongo alisikia kana kwamba namwambia mateso yake ni uongo. Na ukweli ni kwamba kejeli nzuri huwa inatengenezwa hivyo, inachukua kitu ambacho watu wanakijua kabisa ni cha kweli inakivuta mpaka kinakuwa kichekesho, sasa aliyeumizwa na hicho kitu haoni ule mvuto, anaona mwanzo wake tu.

Kwa hiyo jibu la "hata kama sio kweli inaonyesha walivyo" nimeacha kulichukulia kama upumbavu mtupu. Lina uzito wake. Tatizo lake ni kwamba linatumika kama ushahidi, na ushahidi hauwezi kuwa "inaweza kuwa". Ukishakubali kwamba inatosha jambo kufanana na ukweli, na wa upande wa pili naye anayo yake yanayofanana na ukweli kuhusu wewe, na hamna tena sehemu ya kusimamia wote wawili. Namwambia mtu, kama wanafanya mabaya kweli basi yapo ya kweli, leta hayo, mbona unaleta la kutunga na kuyaacha ya kweli yamelala? Hili swali wengine huwa linawaingia. Wengine wanakutukana.

Kuna utafiti uliotoka mwaka 2009 kutoka Chuo Kikuu cha Ohio State, waliwaonyesha watu wa mirengo tofauti kipindi cha Stephen Colbert, yule mchekeshaji aliyekuwa anaigiza mtangazaji wa kihafidhina ili kuwacheka watangazaji wa aina hiyo. Wote walimuona anachekesha, wa kushoto kwa wa kulia. Ila wahafidhina, yaani wa kulia, walikuwa na mwelekeo zaidi wa kusema huyu anajifanya anatania tu, anachosema anakimaanisha. Fikiria hapo, watu wameangalia kipande kile kile na wote wamecheka, na kila mmoja ameondoka akijua mchekeshaji yuko upande wake. Mimi hii nimeiona mara nyingi kwenye mabishano yetu, mtu anaandika kejeli ya kumcheka fulani halafu mashabiki wa fulani wanaishea kwa kumsifia.

Kuna msemo wa mtandaoni ulianza mwaka 2005, unaitwa sheria ya Poe, ulitokea kwa mtu aliyekuwa kwenye mabishano ya dini na uumbaji akasema bila kuweka alama ya kucheka huwezi kuigiza msimamo mkali kwa namna ambayo hatapatikana mtu wa kuuamini kuwa ni wa kweli. Na hizo alama za kucheka zenyewe zilianza kwa shida hii hii. Mwaka 1982 pale Carnegie Mellon watu walikuwa wanataniana kwenye ubao wao wa kompyuta, mmoja akatania kuhusu lifti na zebaki kumwagika, wengine wakadhani ni tahadhari ya kweli, na ndo Scott Fahlman akapendekeza waweke nukta pacha, kistari na mabano pembeni ya kila utani. Watu wa kompyuta, wa chuo kikuu, wanaojuana, na bado walipotezana. Sisi tuko na wageni elfu kwenye grupu moja tunashangaa nini.

Tena hata kabla ya umeme ilikuwepo. Daniel Defoe huko Uingereza mwaka 1702 aliandika kijitabu akijifanya mtu mkali wa kanisa la serikali anayetaka wale Wakristo waliojitenga na kanisa hilo wamalizwe kabisa, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliojitenga. Wapo wa kanisa la serikali waliokifurahia wakidhani ni mwenzao. Kilipojulikana ni cha nani hasira zikawa za pande zote, mwaka 1703 akasimamishwa hadharani siku tatu shingo na mikono vimebanwa kwenye mbao, na jela akakaa. Namkumbuka huyu kila nikiona mtu anasema zamani watu walikuwa wanasoma kwa makini.

Kitu ambacho enzi za Defoe hakikuwepo ni skrinshoti, na kwa maoni yangu huo ndo ugonjwa mkubwa kuliko yote mengine. Utani unaeleweka kwa sababu ya vitu vilivyouzunguka, jina la gazeti, jina la mwandishi, picha ya ukurasa, habari nyingine za kijinga zilizo pembeni yake, mstari wa mwisho unaozidisha. Mtu akiingia mwenyewe kwenye tovuti ya The Onion akakuta juu wanasema ng'ombe amejiuzulu na chini wanasema mwezi unauzwa, anajua yuko wapi. Akitumiwa kipande kimoja tu kama picha kimekatwa pande zote, hana cha kumsaidia isipokuwa mtu aliyemtumia, na huyo aliyemtumia ni dada yake, anamwamini. Ndo maana habari ile ile inaweza kuchekesha asubuhi na kuwasha moto jioni bila hata neno moja kubadilika.

Siku hizi nikiona picha ya habari bila linki kitu cha kwanza nauliza imetoka wapi, na nataka niione yote mpaka mwisho, maana waandishi wa kejeli wengi wanaachia kamba pale mwishoni, mwanzo unakuwa wa kawaida kabisa halafu aya ya mwisho mtu anazungumza na kabati. Naangalia pia maneno ya mwanasiasa aliyenukuliwa. Wanasiasa wa kweli wanaongea kwa kuzunguka, mchakato unaendelea, tutaliangalia, wataalamu wanalifanyia kazi. Ukiona mwanasiasa amesema ubaya wake kwa sentensi moja nyoofu iliyokamilika, kama vile adui yake ndo kamwandikia, jua kuna uwezekano mkubwa adui yake ndo kamwandikia. Na nyingine rahisi tu, habari kubwa kiasi hicho haiwezi kuwa na chombo kimoja, kama waziri kasema hivyo kweli basi hata wanaomtetea watakuwa wameshaanza kumtetea.

Lakini kuna watu hapa lazima niwaseme, wale wanaotunga uongo wa kawaida kabisa halafu chini ya tovuti kwa herufi za sisimizi wanaandika kwamba hii ni tovuti ya burudani. Wakishikwa, aah nyie hamjui utani. Mimi nina kipimo changu kwa hao, naichukua ile habari nikishajua ni ya kutunga, nauliza, kimebaki kichekesho? Ile ya jengo lenye paa la kufunguka, ukijua ni uongo bado inachekesha, tena ndo inachekesha zaidi kwa sababu inawasema wabunge kwamba wanajiona timu ya mpira. Sasa habari inayosema mgombea fulani amekutwa na kura za wizi kwenye gari, ukijua ni uongo, kinachekesha nini hapo? Hakuna. Uliobaki ni uongo tu umevaa kofia ya utani. Na hao wanawaharibia wachekeshaji wa kweli maana wakaguzi wa habari nao wanachanganyikiwa, mwaka 2018 Snopes, tovuti ya kukagua habari, waliikagua habari ya The Babylon Bee iliyosema CNN imenunua mashine kubwa ya kufulia ya kuzungushia habari kabla ya kuzirusha, Facebook ikawatishia The Babylon Bee kuwapunguzia wasomaji, baadae ikabidi iombe radhi. Mashine ya kufulia habari jamani, nayo inataka mkaguzi.

Basi wawekewe lebo, watu husema. Kila utani uandikwe juu kabisa UTANI. Facebook waliijaribu hiyo mwaka 2014, pembeni ya habari za The Onion kulikuwa kunatokea neno la kuonyesha ni kejeli, na ikaishia kwenye majaribio. Hilo tulilijadili sana sisi maadmini na hatukuelewana. Mimi nilikuwa napinga kwa sababu kejeli inafanya kazi pale unapoingia ukidhani ni kitu cha kawaida halafu katikati unashtuka, ule mshtuko ndo unaokufanya uwaze, ukiandikiwa juu kwamba utacheka umeshamaliziwa. The Onion wenyewe walipeleka hoja hii mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2022, wakimuunga mkono mtu aliyekamatwa kwa kutengeneza ukurasa wa kuigiza polisi wa mji wa Parma, Ohio. Waliandika waraka wa kisheria halali kabisa huku ndani wamejisifu kuwa na wasomaji trilioni 4.3 kila siku. Mahakama ilikataa kulisikiliza lile shauri mwaka 2023, lakini waraka ule ukisoma unajifunza mengi kuliko semina. Mwenzangu mmoja akaniambia hayo yote ni sawa ila waraka wako hausomwi na mama yake, na mama yake ndo anashea. Hapo sikuwa na jibu la haraka.

Tuliishia kukubaliana kitu kidogo tu, picha ya habari isiyo na linki wala jina la ilikotoka inaondolewa, bila matusi, bila kumtangaza aliyeileta. Ile bila kumtangaza ndo tuliyoibishania zaidi na ndo iliyosaidia. Maana nimeona kwa miaka, ukimsahihisha mtu mbele ya watu, hata kwa upole, unakuwa umempa kazi mbili kwa wakati mmoja, akubali kwamba amepotoka na akubali kwamba wewe umemshinda, na ya pili ndo ngumu. Hasa kama mlikuwa mnabishana kabla. Atatafuta njia yoyote, atasema alikuwa anapima grupu, atasema chombo kimefungwa mdomo, atakuletea nyingine ya uongo kuithibitisha ya kwanza.

Yule mjomba, nilipoona kwenye grupu imekuwa vita, nikaacha nikamfuata pembeni. Nikamwandikia, "Shikamoo mjomba, samahani kwa yale ya kwenye grupu, sikuwa na nia ya kukubishia mbele za watu. Ile ya risiti ilikuwa ni vichekesho vyetu, watu wameikata kata wakaweka na jina la mtu. Ila nimesikia la faili lako, hivi limefikia wapi?" Akajibu marahaba mwanangu, halafu akaniandikia ujumbe mrefu sana, wote wa faili, tarehe alizokwenda, dirisha aliloambiwa aende, majibu aliyopewa. Vitu vya kweli, vinavyoweza kuulizwa na mtu akatakiwa kujibu. Kesho yake ile picha ikawa haipo kwenye grupu na mahali pake kaandika habari ya faili lake mwenyewe, na hiyo ilizua mazungumzo mazuri kuliko yote ambayo ukoo wetu umewahi kuwa nayo kuhusu serikali, kwa sababu kumbe karibu kila mtu alikuwa na faili lake mahali.

Na kuna upande wa pili wa hii shilingi ambao haupewi nafasi. Ukishazoea kwamba mambo ya ajabu ni utani unaanza kuyapita na ya kweli. Nimeona watu wanaletewa habari ya kweli kabisa yenye ushahidi, kiongozi kafanya jambo la kustaajabisha, wanajibu kwa vikatuni vya kucheka, "hii ya The Onion hii", wanasonga mbele. Na wanasiasa wamelijua hilo zamani, anasema jambo zito, akiona limepokelewa vibaya anakuja kesho yake anasema alikuwa anatania, hamna ucheshi nyie. Sasa hapo ukiuliza kichekesho kilikuwa wapi, kiko kwenye neno gani, wafuasi wake wanakujia juu. Huyo ni ndugu mmoja na yule wa herufi za sisimizi.

Sasa mashine nazo zimeingia. Mwezi Mei mwaka 2024 yale majibu ya akili mnemba ya Google yaliwaambia watu wale angalau jiwe dogo moja kwa siku, na chanzo kilikuwa ni habari ya The Onion ya miaka michache nyuma iliyodai wanajiolojia wanashauri hivyo. Hiyo ya mawe kila mtu aliiona kwa sababu ni mawe. Ninachowaza mimi ni zile za siasa, ambazo hazina mawe ndani yake, ambazo zinafanana na kitu ambacho mtu angeweza kukifanya, na mtu anauliza anajibiwa kwa lugha safi ya kitaalamu, bila jina la gazeti, bila picha, bila ule mstari wa mwisho. Ni skrinshoti iliyojikata yenyewe. Tayari nimeshaanza kuona mtu anakuja kwenye ubishi anasema "nimeuliza mashine imethibitisha", na ukifuatilia huko nyuma unakuta mchekeshaji.

Kuna kundi moja bado sijajua la kulifanyia, wale wanaojua kabisa kwamba ni utani na bado wanaushea kama habari kwa sababu unaumiza upande wa pili. Hao ukiwafuata pembeni kwa upole wanakujibu kwa upole pia, wanakuambia wanajua, na wanakuomba usiwaharibie. Wa hivyo kwenye grupu letu wapo, mmoja tunaelewana sana kwenye mambo mengine yote, na picha zake naziondoa kila anapozileta, na yeye hanikasirikii, anasubiri kidogo analeta nyingine.